Nilivyotembea na Kima Punju

Haya jamani, nipo! Wale waliodhani nimezama na boti, sijazama. Nilikuwa Bwejuu siku nne kuandika habari za akina mama wa mwani. Hiyo mtaisoma gazetini, mhariri akipenda. Ninachowaletea leo ni cha pembeni, lakini ndicho kilichonikosesha usingizi.

Nianze na swali. Mtanzania mwenye luninga nyumbani atakusimulia pengwini wa Boulders, kule Simon's Town karibu na Cape Town, wanavyotembea ufukweni kama makarani wanaokwenda kazini, watu wakiwapita pembeni. Muulize huyo huyo kuhusu kima punju. Atakuuliza kama hilo ni tusi. Kumbe kima punju asili yake ni kisiwa kimoja tu duniani, Unguja! Bara hayupo. Pemba wapo wachache, nao walipelekwa na binadamu. Wazungu wamempa jina la John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza hapa Zanzibar karne ya 19, kana kwamba kabla yake kima hakuwa na jina.

Jina alikuwa nalo, tena zito. Punju ni sumu. Wazee wanasema ananuka kuliko kima wengine, na mti anaoukalia sana hufa. Mama mwenye nyumba niliyofikia Bwejuu aliposikia nakwenda Jozani kuwatazama aliangua kicheko. "Mwanangu, ulipe pesa ukamwone mwizi?"

Nikaenda hivyo hivyo. Daladala ya Bwejuu kwenda mjini inapita Paje, inakata kushoto na kulia kati ya mashamba ya Kitogani na Pete, halafu unamwambia utingo "Jozani getini". Nilibanwa kati ya gunia la nazi na mzee mmoja aliyenisalimia kwa adabu zote, kisha akalala begani kwangu hadi nashuka.

Getini mkaazi analipa kwa shilingi, mgeni analipa kwa dola, na huruhusiwi kuingia peke yako. Kundi letu lilikuwa na watu sita: Wadachi wawili, familia ya watu watatu kutoka Afrika Kusini, na mimi. Mtembezaji wetu, kijana wa kijiji cha jirani, aliniuliza mara mbili kama mimi ni dereva wa wale Wadachi. Simlaumu. Alisema Waswahili wenzake huwaona wakija na basi la skuli, au hawaoni kabisa.

Msitu wenyewe ni mzuri. Hewa nzito, mikindu imesongamana, miti mirefu imesimama kwenye udongo ulioloa, vipepeo kila hatua. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya hifadhi za binadamu na viumbe hai. Tulizunguka karibu saa nzima, mtembezaji akatutajia miti na dawa zake, na kima punju hatukumwona hata mkia.

"Wako ng'ambo," akasema.

Ng'ambo ya wapi? Ya barabara! Tukatoka msituni, tukavuka lami ile ile niliyokuja nayo, tukaingia kwenye miembe na mikungu inayofanana na shamba la mtu yeyote. Ndipo walipo. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kidogo ile "mwizi" ya mwenyeji wangu, maana wale kima waliozoea watu zaidi, wanaopigwa picha na dunia nzima, wamejichagulia makazi upande wa miti ya watu.

Sasa niwaeleze walivyo, maana picha haitoshi. Mgongo mwekundu kama udongo wa Pugu, tumbo jeupe, uso mweusi wenye nywele nyeupe zilizosimama pande zote kama mtu aliyeamshwa ghafla, na midomo ya waridi. Mkononi kidole gumba hakipo, kimebaki kama kifundo tu. Walikuwa thelathini na zaidi. Mtoto mmoja alining'inia kwenye tawi usawa wa uso wangu, tukaangaliana. Hakuogopa. Mtembezaji alitutaka tukae mita tatu nyuma, tusiwaguse, tusiwape chakula, na mwenye mafua asisogee, kwa sababu maradhi yetu yanawaingia. Tatizo ni kwamba kima hawajaambiwa habari ya mita tatu. Mmoja alipita katikati ya miguu ya yule baba wa Afrika Kusini bila hata kusema hodi.

Mkewe akaniambia kwamba Boulders watu hupita juu ya ubao, pengwini wako chini, na kwamba idadi yao inapungua vibaya. Kweli, mwaka 2024 pengwini wa Afrika wameingizwa kwenye kundi la wanyama waliofika ukingoni kabisa kwa kutoweka. Wetu wana nafuu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa wamebaki elfu mbili hivi, lakini hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya 5,800. Bado wako hatarini, maana kisiwa hakiongezeki na watu tunaongezeka.

Kilichonishangaza zaidi ni mkaa. Kima punju wanakula mkaa! Nilidhani mtembezaji anatufanyia mzaha, lakini watafiti waliandika habari hiyo tangu 1997. Majani ya mwembe na mkungu yana kemikali kali zinazowasumbua tumboni, na mkaa unazinyonya. Kwa hiyo wanapita kwenye matanuri ya zamani na majiko ya watu, wanaokota kipande, wanatafuna taratibu kama babu na ugoro wake. Tumbo lao lina vyumba kama la ng'ombe, limeumbwa kwa majani na matunda mabichi. Embe bivu halina faida kwao. Wanalitaka changa, na hapo ndipo kesi inapoanza.

Kwa sababu wanakula pia vidaka vya nazi. Na nazi, kwa mtu wa Bwejuu, si tui la wali tu. Makumbi yanafukiwa pwani, yanapondwa, yanasokotwa kamba. Makuti ndiyo paa. Kidaka kimoja kikiliwa ni kitale, dafu, koroma na kamba vilivyoondoka kwa pamoja.

Watafiti wawili wa Kimarekani walilichunguza jambo hili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1999. Walikuta kwamba mnazi huangusha vidaka vingi wenyewe, hauwezi kuvilea vyote, na kwamba pale kima walipokula vidaka vingi zaidi, mavuno ya nazi hayakupungua. Yalikuwa makubwa zaidi. Kana kwamba kima anapunguza matunda kama mkulima anavyopunguza miche.

Nikarudi Bwejuu na habari hiyo kama mtu aliyebeba zawadi. (Njiani tuliona mikoko ya Pete, kuna njia ya ubao juu ya maji, ni nzuri, nendeni. Na yale matuta barabarani msiyalaani, yamewekwa kwa ajili ya kima, maana magari yalikuwa yakiwamaliza.) Baada ya magharibi, mwenyeji wangu akiwa anasokota kamba ukumbini, nikamweleza yote: watafiti, hesabu, mavuno kuongezeka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Minazi waliyoihesabu, na wangu ulikuwamo?"

Nikasema sidhani.

"Basi wamehesabu ya wenzangu."

Ana shamba la urithi kule Pete, aliloachiwa na marehemu baba yake. Nikamwambia sehemu ya viingilio vya Jozani hurudi vijijini, na wakulima wa pembeni wamewekewa fungu lao. Hakubisha. Skuli anaiona, kisima anakiona. Lakini alisema kisima ni cha kijiji na mnazi ni wake, na kima haji kula kisima. Hapo mimi mwandishi wa habari, niliyesoma, nikanyamaza. Wastani wa mavuno ni neno zuri la kwenye ripoti. Mtu mwenye minazi tisa hali wastani.

Wala simwoni kima kuwa mwenye kosa. Msitu wake umekatwa pande zote kwa kuni na mkaa, ule ule anaookota vipande vyake. Aende wapi? Ninachokitilia shaka ni yale maelezo mepesi tunayopenda sisi wa mjini, kwamba mkulima "hajaelimishwa". Mama yule anamjua kima kuliko mimi, anajua saa anazokuja na mti anaoanzia.

Asubuhi yake akanichukua shambani, tukapanda daladala ya kwanza. Minazi tisa, miembe miwili, na muhogo uliozungushiwa matawi ya miba. Tukaanza kuokota vidaka vilivyoanguka chini. Ilikuwa fikra yangu tuvitenge: vyenye alama za meno upande huu, vizima upande ule. Alinicheka, lakini akainama akaokota na mimi. Vya meno vilifika 14. Vizima vilifika 33.

Akaviangalia vile 33 kwa muda, mikono kiunoni.

"Hivi vimeangushwa na upepo," akasema.

"Na hivi 14?"

"Hivi, mwanangu, vina mwenyewe wa kushitakiwa."

Juu yetu mwembe ukatikisika. Hakutazama juu. Alivikusanya vyote 47 kwenye pakacha moja, vya meno na visivyo na meno, akasema vikikauka vitafaa kuwashia moto.