Flashi Tupu Iliyodaiwa Kujaa

Kabla Daraja la Nyerere halijafunguliwa mwaka 2016, sisi wa Kigamboni tukitaka kifaa cha kompyuta tulipanga foleni ya pantoni, tukavuka, tukapanda daladala hadi Kariakoo. Ndiyo maana ujumbe mmoja wa Windows XP ulitugharimu sana pale kibandani Tungi, tulikokuwa tukirusha muvi na nyimbo. Mteja analeta flashi mpya ya GB 8. Unamwekea video ya harusi ya GB 5, mashine inagoma: hakuna nafasi ya kutosha kwenye diski.

“Mwanangu, imejaa nini na nimeinunua leo?” mama mmoja aliniuliza.

“Haijajaa, mama. Mashine haisemi kweli.”

Hakuniamini. Alirudi Kariakoo kuibadilisha.

Flashi ilikuwa nzima. FAT32, fomati iliyotoka mwaka 1996, huandika ukubwa wa kila faili kwa biti 32, na namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 4,294,967,295. Faili likizidi baiti hizo, ambazo ni GB 4 kasoro baiti moja, ukubwa wake hauna pa kuandikwa, hata nafasi ibaki tele. Windows XP ikifika hapo ilitoa kodi ya kosa 112: diski imejaa.

Nililielewa hili vizuri nilipojaribu video ileile kwenye Linux. Jibu likawa kodi 27, faili ni kubwa mno. Ya kukosa nafasi ni kodi 28, jirani yake kabisa. Tangu hapo nikawa napima kwanza: naingiza mafaili madogo madogo mpaka jumla yake ipite GB 4. Yakikaa yote, nafasi ipo, na mteja anajionea mwenyewe.

Dawa nayo ilikuwa na shida zake. Kugeuza flashi kuwa NTFS, fomati isiyo na kikomo hicho, kwa amri ya convert hakukufuta kitu, lakini deki nyingi za majumbani zilikuwa hazisomi NTFS. Tukawa tunakata video vipande viwili.

Windows 7 ilipoenea, ujumbe ulibadilika; sasa ulitaja waziwazi kwamba faili ni kubwa mno kwa fomati ya flashi. Baadaye fomati ya exFAT nayo ilipoenea, kikomo chenyewe kikaondoka. Lakini kwa wateja wangu, yale maneno mapya ndiyo yaliyosaidia mapema zaidi, maana watu waliacha kuvuka bahari kwenda kubadilisha flashi nzima.

Vijana mnaoandika programu, andikeni sababu halisi ya kosa. Anayeisoma ataitolea nauli.