Mjomba, Chelsea Yako Ilipigana na Nani?

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi la saa mbili asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba kama ya mtu aliyeshinda ziwani akivunja mawe ya chumvi. Unasema kijana mmoja alileta kibandani filamu ya mashabiki wa Chelsea wanaong'oana meno, na wateja wako wakakesha wakibishana kama ni maigizo au ni mambo ya kweli. Mwisho wakakutuma uniulize mimi niliye huku Uingereza. Nami najibu kwa kirefu, maana kwa sauti ungenikatiza.

Filamu hiyo ilitoka 2004, lakini imetokana na kitabu. Kinaitwa The Football Factory, kimeandikwa na John King na kuchapishwa 1996. Nilikiokota hapa Barnsley katika duka la hisani, kwa pauni moja, kimebanwa kati ya vitabu vya mapishi. Nilidhani nitasoma habari za mpira. Wapi! Dakika tisini zenyewe zinapita kama gari la abiria lisilosimama Kabatoro. Kinachosimuliwa ni safari, pombe, kituo cha treni, uchochoro ambamo genge la huku linalisubiri genge la kule. Msimulizi mkuu, Tommy Johnson, anafanya kazi ghalani, anabeba maboksi wiki nzima. Jumamosi anakuwa mtu.

Hapo nilimwelewa kuliko nilivyotaka. Sote tunamjua kijana wa kwetu anayeitwa "wewe" kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, lakini akivaa jezi anaitwa kwa jina la Drogba.

Basi jibu la wateja wako ni hili: ni kweli, na ilikuwa mbaya kuliko filamu. Tarehe 29 Mei 1985, kwenye uwanja wa Heysel mjini Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwashambulia wa Juventus, ukuta ukaanguka, wakafa watu 39. Klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya miaka mitano. Mwaka huohuo mwenyekiti wa Chelsea, Ken Bates, aliweka pale Stamford Bridge uzio wa nyaya za umeme ili kuwazuia mashabiki wake mwenyewe wasiingie uwanjani. Usicheke. Ni kama zile nyaya zinazowekwa mpakani mwa hifadhi ili tembo wasije kwenye mihogo. Halmashauri ya jiji la London ilikataa umeme usiwashwe, lakini wazo lilikwisha kutoka kichwani mwa mtu: shabiki wa kabwela ni mnyama wa kuzuiwa kwa uzio.

Na uzio uliua. Uwanja wa Hillsborough, Sheffield, si mbali na ninapolala, 15 Aprili 1989: watu walibanwa kwenye vyuma vya mbele, na idadi ya waliokufa ikaja kufikia 97. Polisi na magazeti wakasema ni ulevi wa mashabiki. Ilichukua mpaka 2016 kwa baraza la wazee wa mahakama kutamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Mtu akikwisha kuitwa mhuni, hata maiti yake hushukiwa. Kwetu Uganda ni kichekesho kidogo tu bado, kama Januari 2023 polisi wa Jinja walipowakamata mashabiki wa Arsenal kwa kuandamana na kikombe cha bandia bila kibali, lakini mbegu ni ileile.

Kabla ya magenge, vitabu vya Waingereza vilipeleka hasira ya mpira nyumbani. Alan Sillitoe, mtoto wa kiwandani Nottingham, ana hadithi fupi ya 1959: fundi wa magari anatoka uwanjani timu yake imefungwa, anafika mezani anagombana kwa ajili ya samaki, na kabla ya usiku mke amechukua watoto ameondoka. Shangazi akisoma hiyo atasema mwandishi aliwahi kukaa kwenu. (Samahani. Najua siku ile ya bakuli ulikuwa umechoka.)

Sasa nije kwenye jambo linaloniwasha.

Ndani ya kitabu hicho cha wahuni kuna mzee, Bill Farrell. Alipigana Vita vya Pili vya Dunia, akaoa mwanamke aliyenusurika katika kambi ya mateso ya Wajerumani. King anamweka kati ya sura za ngumi, na katika kitabu kingine, England Away cha 1998, vijana wanapovuka Uholanzi kwenda Berlin kuwafuata wachezaji wa taifa lao, kumbukumbu za vita za mzee huyo zinatembea sambamba na safari yao. Ni ufundi mzuri. Msomaji analazimika kujiuliza: huyu aliyepigana na Hitler na huyu anayevunja viti vya baa, nani Mwingereza zaidi? Maana vijana hao, katika vitabu na uwanjani, wakikutana na Wajerumani huwaimbia vita ambavyo hata baba zao hawakuvipigana. Vita ndiyo ardhi yao. Kiwanda kimefungwa, mgodi umefungwa, bandari imefungwa, vita havifungwi.

Ila katika ardhi hiyo Farrell hana jirani mweusi. Sikumwona popote keya, yule askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza.

Baba yako alikuwa keya, mjomba. Alitoka Katwe akiwa kijana wa kupakia chumvi, akafundishwa Kiswahili cha kambini, akapelekwa Burma. Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki waliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika, matope kiunoni, malaria ikiua kama risasi, wakafika Kalewa mwezi wa Desemba. Nyumbani alisimulia nyumbu tu, jinsi walivyozama na mizigo. Vita vilipokwisha, kiinua mgongo cha askari Mwafrika kilikuwa kidogo kuliko cha mzungu wa cheo hichohicho. Alirudi kwenye chumvi.

Kwa hiyo mtu akinyanyua bendera ya England yenye msalaba mwekundu na kuniambia babu yake alipigania nchi hii, mimi nakosa mahali pa kuweka mikono.

Wewe unaipenda Chelsea kwa sababu ya usiku wa ubingwa wa Ulaya, Munich 2012, na sitakunyang'anya. Lakini Paul Canoville, mweusi wa kwanza kuichezea, alipoingia uwanjani Aprili 1982 alizomewa na kutukanwa na mashabiki wa Chelsea wenyewe. Baadhi yao ndio hao ambao magenge ya kitabuni yalitokana nao. Kibanda chako kizima, pamoja na jezi zenu za bluu, kisingepita mlangoni mwa baa yao. King hafichi ubaguzi huo, namsifu kwa hilo, lakini aliyepigwa hapewi sura yake. Anaanguka, kurasa zinaendelea.

Tarehe 4 Agosti 2024 nilifikiria sana kurasa hizo. Umati ulizingira hoteli ya waomba hifadhi pale Manvers, karibu na Rotherham, wengine wamejifunga bendera kama wanakwenda Wembley, wakavunja madirisha na kujaribu kuwachoma waliokuwa ndani. Usiku ule kazini tuliambiwa tusitoke peke yetu kwenda kituo cha basi. Mama alipopiga simu nilimwambia kuna mvua.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, ninayemhudumia chumba cha mwisho ni mchimbaji wa makaa wa zamani, mtu wa mgomo wa 1984, Barnsley mpaka kwenye mifupa. Miaka ya sabini alisafiri na genge, ana kovu la kidevuni, analionyesha kama cheti. (Kazi ya kuosha wazee usiione ndogo. Mfalme wetu mwenyewe, Omusinga Mumbere, aliifanya Marekani kabla ya kutawazwa 2009.) Nilimweleza habari za mgodi wa Kilembe, kwamba reli ilifikishwa Kasese 1956 kwa ajili ya shaba, na shaba ilipokoma mji ulibaki umeduwaa. Akatikisa kichwa kama anayesikiliza habari za ndugu yake.

Juma lililopita, televisheni inaonyesha sherehe ya wanajeshi wa zamani, akaniuliza, bila ubaya wowote, watu wa kwetu walikuwa upande gani vitani.

"Upande wako," nikamwambia.

Alinyamaza, nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia baba yake alikuwa Burma, alirudi na homa zilizomrudia kila mwaka, na hakuwahi kusimulia ila mvua. Nikamwambia kuhusu nyumbu. Akacheka hadi akakohoa, nikamwinua akae vizuri.

Anataka kuona nyota ya babu, ile nishani yake ya vita. Najua imo kwenye lile sanduku la bati chini ya hati za kiwanja cha chumvi, na utepe wake nadhani panya waliuanza. Ipige picha mchana, nje, si chini ya taa ya kibanda, na tafadhali usiisugue kwa limau. Nitumie kabla ya Jumamosi. Barnsley wanacheza nyumbani, na siku za mechi mzee huchelewa kulala.