Ncha ya Plau

Katika nchi ya Ukambani, mvua ya vuli, inyeshayo kati ya Oktoba na Desemba, huaminika kuliko ya masika. Ndiyo maana mkulima wa Masii, ncha ya plau yake ikilika, humkimbilia mhunzi mapema. Mhunzi hataki nondo. Huchagua springi kuukuu ya lori, kwa kuwa chuma chake hukubali kukazwa kwa moto. Kipande kilicholika humwonyesha matundu ya bolti tu. Urefu ulioliwa na changarawe huukisia mwenyewe. Kazi ngumu ni kupoza. Chuma kilichotumbukizwa majini kikaachwa vivyo hivyo huvunjika kwenye jiwe la kwanza. Sharti kipashwe tena taratibu, mpaka rangi ya nyasi kavu ikaribie samawati. Laiti wanaobeza jua kali wangeishuhudia! Mwenye plau, naye, hutazama mawingu wala haulizi bei.