KIFUA KIKIBANA, USINIITE MIMI KWANZA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni kuhusu simu za usiku. Kila imamu anazijua. Saa nane za usiku simu inalia: "Sheikh, samahani, njoo umsomee baba. Kifua kimembana, jasho linamtoka, anasema ni kama amewekewa jiwe." Huko nyumbani mmoja ameshasema ni gesi. Mwingine amesema ni kijicho cha jirani. Na wote wanamsubiri sheikh avae kanzu.

Jibu langu ni moja, na leo nataka kulieleza kwa urefu ili nisieleweke vibaya: mpelekeni hospitali sasa hivi, nami nitakuja kumsomea hukohuko.

Nasema hivi kwa sababu kazi yangu ina upande wa pili. Mimi pia huosha maiti. Na mara nyingi tukiwa tunamimina maji, mtoto wa marehemu hunisimulia kwa sauti ya chini: "Alianza kulalamika baada ya Magharibi. Tukampa tangawizi. Tukampa dawa ya vidonda vya tumbo. Akasema aachwe apumzike. Alfajiri tukamkuta ameshaondoka." Siku ya mtu ikifika hakuna wa kuizuia, na simlaumu mfiwa yeyote. Lakini kutoka Magharibi hadi Alfajiri ni saa nyingi. Ndani ya saa hizo kulikuwa na sababu ambazo Allah ameziweka duniani, na hazikuguswa.

MTUME (S.A.W.) ALIFANYA NINI?

Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, na Mtume (s.a.w.) akaenda kumzuru. Akauweka mkono wake mtukufu kifuani kwa Sa'd, kisha akamwambia kuwa maradhi yake ni ya moyo, na akamwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada, mtu wa Thaqif, kwa kuwa alikuwa tabibu. Akataja na dawa ya tende za ajwa, na wa kumtengenezea na kumpa ni huyo tabibu. Wanazuoni wa hadithi wameizungumzia sanad ya riwaya hii na wapo walioidhoofisha, lakini maana yake haina shaka, kwani amri ya kutafuta matibabu imethibiti katika hadithi nyingine.

Sasa tafakari. Ni mkono gani wenye baraka kuliko ule uliowekwa kifuani kwa Sa'd? Ni dua ya nani inayoshinda dua ya Mtume (s.a.w.)? Pamoja na hayo mgonjwa akaelekezwa kwa tabibu. Basi mimi ni nani hata unisubiri nivae kanzu, wakati tabibu yuko macho na taa za hospitali zinawaka?

KIPIMO CHENYEWE

Watu wanaogopa wasichokijua, kwa hiyo nilimwomba daktari mmoja wa chumba cha dharura, muumini mwenzetu, anieleweshe. Nawapa nilichokipata.

Allah ameweka ndani ya moyo cheche ndogo ya umeme. Huanzia juu, upande wa kulia, ikashuka chini, na inapopita nyama ya moyo hukaza na damu ikasukumwa. Athari ya umeme ule hufika mpaka kwenye ngozi. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini wanakiita ECG, kazi yake ni kuusikiliza na kuuchora kwenye karatasi. Huwekwa vibandiko 10, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, na kwa hivyo 10 mashine huchora picha 12 za moyo kutoka pande tofauti. Haiingizi umeme mwilini. Haipigi shoti wala haichomi. Mgonjwa analala tu na kutulia.

Aliyeifanya elimu hii ifike hospitalini ni Mholanzi, Willem Einthoven, aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java mwaka 1860. Mashine yake ya mwanzo ilikuwa na uzito wa kilo mamia, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo mashine hiyo inabebwa mkononi.

Karatasi ile inasema nini? Mshipa unaoulisha moyo ukizibwa kabisa na bonge la damu, mara nyingi sehemu fulani ya mstari huinuka juu ya mahali pake. Daktari huangalia ni picha zipi kati ya zile 12 zimeinuka, akajua ni upande gani wa moyo unaokosa damu. Hapo hangoji tena. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge, na kwenye hospitali kubwa za moyo, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, mshipa huzibuliwa kwa mrija mwembamba.

Ndiyo maana miongozo ya kitabibu inataka mgonjwa wa kifua apimwe na karatasi yake isomwe ndani ya dakika 10 tangu anapofika. Na dawa ile ya kuyeyusha hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yalipoanza, na faida yake kubwa iko kwenye saa za mwanzo. Sasa rudia mwenyewe hesabu ya kutoka Magharibi hadi Alfajiri.

MASWALI MNAYONIULIZA

Kwanza: sitara ya mwanamke. Hili ndilo zito, na nalijibu kwa kisa. Binti mmoja alinipigia kutoka chumba cha dharura. Mama yake kabanwa kifua, na amekataa kufunguliwa nguo kwa sababu mpimaji ni kijana wa kiume, na zamu ile hapakuwa na mwanamke anayeijua mashine. Nikamwambia ampe mama simu.

"Sheikh," akaniambia akihema, "tangu niolewe hajaniona mwanamume ila marehemu mume wangu."

Nikamwambia: "Mama, Allah akulipe kwa haya yako. Huyu kijana anachotafuta ni karatasi. Binti yako na asimame hapo hapo, ashike shuka, ifunuliwe sehemu ya kibandiko tu, kisha ufunikwe. Kufunguliwa leo si dhambi. Ukikataa na moyo wako unaharibika, hilo ndilo ninalokuhofia."

Akakubali. Karatasi ilipotoka, daktari hakusubiri hata kuandika faili, alianza dawa. Mama yule yupo, alhamdulillah, na anaswali akiwa amekaa kwenye kiti.

Hukumu ni hii: mwanamke atibiwe na mwanamke akipatikana. Asipopatikana, mwanamume anaruhusiwa, kwa mwenzake au mahramu kuwepo, na kufunua kwa kiasi cha haja, kwa sababu dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Enyi waume, msiwe ninyi kikwazo mlangoni. Wivu wa mwanamume mwema ni kumlinda mkewe, na mauti yasiyotafutiwa sababu ni sehemu ya yale anayopaswa kumlinda nayo.

Pili: swaumu na udhu. Kipimo hakifunguzi, kwa kuwa hakuna kinachoingia ndani. Ama dawa ya kumeza au kutafuna inafunguza, lakini mgonjwa ana ruhusa ya kula, na siku ataikidhi. Kuhusu udhu, sisi wa madhehebu ya Shafi'i tunajua suala la kuguswa na asiye mahramu. Hilo dawa yake ni kutawadha tena. Halijawahi kuwa sababu ya kukataa tiba.

Tatu: "Ni gesi tu, sheikh." Huenda ni gesi kweli. Lakini wewe unajuaje? Maumivu ya moyo hukaa kifuani na kwenye chembe, hupanda shingoni na tayani, hushuka mkono wa kushoto au hata yote miwili. Kwa mwenye kisukari, kwa wazee na kwa baadhi ya wanawake, huenda kifua kisiume sana, yakaja jasho, kichefuchefu, kuhema na uchovu usio na sababu. Tumbo na moyo hutumia mlango mmoja kulalamika. Usihukumu kesi bila shahidi.

Na msiseme haya ni maradhi ya matajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya aina hii hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ndizo nchi zetu.

Nne: "Tulienda, akaambiwa ni malaria." Haya hutokea. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa dharura kule Moshi walikuta wengi wenye shambulio la moyo hawakutambuliwa. Basi mkifika, neno la kwanza mapokezini liwe "kifua kinamuuma", kabla ya homa na kabla ya uchovu. Kisha uliza kwa adabu: "Daktari, je, apimwe moyo?" Kuuliza si utovu wa heshima. Na kama mahali hapo hakuna mashine, omba rufaa mapema, msilale hapo mkisubiri kukuche.

Tano: "Kipimo kilitoka kizuri." Alhamdulillah, lakini tambua kuwa karatasi ile ni shahidi aliyeangalia kwa sekunde 10 tu. Shambulio la moyo linaweza kuwepo na karatasi ya kwanza isilionyeshe. Ndiyo maana daktari hurudia, na hupima damu kutafuta troponini, kitu kinachovuja nyama ya moyo inapoumia. Akikuambia ubaki, baki. Na karatasi yako ya zamani itunze nyumbani na kadi zako, kwa sababu siku ya shida daktari ataifananisha na mpya.

Sita: pesa. Najua wapo wanaochelewa kwa sababu hawana nauli ya bajaji, sembuse ya kipimo. Hapa mzigo ni wetu sote. Kila msikiti una kamati, na kila kamati hukusanya kwa ajili ya sanda na mazishi. Vizuri sana. Lakini fungu la sanda halitakamilika bila fungu la dharura, pesa ambazo mtunzaji anaweza kuzitoa saa nane za usiku bila kuitisha kikao. Tukiweza kumchangia ndugu yetu akiwa maiti, tumchangie akiwa bado anahema.

Ndugu zangu, sijasema muache ruqya, wala sijasema muache dua. Msomeeni mgonjwa njiani, kwenye bajaji, kwenye benchi la hospitali, wakati vibandiko vinabandikwa. Qur'ani haihitaji kusomewa nyumbani. Wala msimwache mgonjwa apande bodaboda au aendeshe gari peke yake.

Leo kabla ya kulala, mwenye wazazi awe na majibu ya mambo matatu: ni hospitali gani ya karibu yenye kipimo hiki usiku, ni nani mwenye chombo cha kutupeleka, na dawa wanazotumia wazee wetu zinaitwaje. Yaandike, uyaweke kwenye simu.

Ewe Mola wetu, wewe ndiye mponyaji. Waponye wagonjwa wetu, wape madaktari na wauguzi wetu wepesi wa mikono na uoni ulio sahihi, warehemu waliotutangulia, na zitengeneze nyoyo zetu, za nyama na za imani. Amin.

Mfikishie mwenzako. Wabillahi tawfiq.