Pemba Katika Msimu wa Karafuu

Tulipotoka bandari ya Mkoani kuelekea Chake Chake, dereva alipunguza mwendo kila mara asije akakanyaga majamvi. Kando ya barabara zilianikwa karafuu, nyingine bado mbichi, nyingine zimekwisha kugeuka hudhurungi, na harufu yake ikaingia hata katika nguo zetu.

Mkarafuu hauna haraka; hupandwa na mzee, wakanufaika wanawe na wajukuu. Lakini tumba lake halingoji. Sharti lichumwe kabla halijachanua, kwani likichanua thamani yake hushuka. Kwa hiyo msimu ukifika nyumba nzima huwa kazini: vijana hupanda mitini, na jioni wakubwa kwa wadogo huketi kuchambua karafuu na makonyo. Kisha hungojewa jua, siku kadhaa.

Zao hili lina utamu na uchungu wake. Seyyid Said alilieneza visiwani katika karne ya 19, na mashamba yakasimama kwa jasho la watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; Pemba ikanusurika, ikawa ndiyo itoayo karafuu nyingi zaidi. Katika miaka ya 1980, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilipojitosheleza, bei ikaporomoka na wakulima wakaonja dhiki.

Shangazi yangu, mjane, alinisimulia kisa chake kando ya jamvi. Mwaka mmoja, matumba yakiwa bado machanga, alihitaji ada ya mwanawe. Akaja mtu na fedha mkononi, ataka kununua zilizo mtini. Bei aliyoitaja haikufika nusu ya ile ya kituoni. Shangazi akakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ukomavu wake haujadhihiri. Akauza mbuzi wake wawili. Nusu ya ada ikabaki deni.

Mwaka ule mvua zilikuja vibaya, mavuno yakawa haba mno.

"Hukujuta, shangazi, kuziachia zile fedha?"

"Mwanangu, lau ningaliuza, yule mtu angalitoka mikono mitupu. Na mavuno yangalikuwa mengi, ningalidhulumika mimi. Katazo lile lilitulinda sote wawili."

Wingu likatanda upande wa bahari. Akainuka bila kuongeza neno, nasi tukamsaidia kukunja jamvi.