Usiku Nilioandika Kuwa Safi

Katika daftari la usiku la kituo kimoja cha kutazamia nyota, kule Karoo, Afrika Kusini, kuna mstari nilioandika mimi unaosema anga lilikuwa safi tangu jua kuzama hadi alfajiri. Si kweli. Baada ya saa sita usiku sikutoka nje hata mara moja kuliangalia, na anga halikuwa safi. Kituo sitakitaja, kwa kuwa hakikukosea. Waliniajiri, wakanifundisha kazi, wakaniamini. Aliyekosea ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuendesha darubini na kuchunga hali ya hewa. Mlimani tunaogopa kwanza kile kinachoharibu kioo. Unyevu ukipanda, umande hutua juu ya kioo kikuu, ambacho kimepakwa utando mwembamba mno wa alumini, na umande uliochanganyika na vumbi huacha madoa kwenye utando huo. Upepo mkali huleta mchanga na kuitikisa darubini. Ndiyo maana chumba cha kuendeshea kina skrini za unyevu, joto na kasi ya upepo, na kila kituo kina mipaka yake: namba ikifika pale, unafunga kuba, hata kama mtafiti aliyetoka mbali anakusihi umwachie nusu saa tu. Mipaka hiyo sikuwahi kuivuka. Nadhani utii huo ndio ulionipa kiburi, nikaamini kwamba skrini zikiwa sawa na kazi yangu iko sawa.

Usiku ule namba zote zilikuwa nzuri. Hewa kavu, upepo kidogo, nyota zimetulia kwenye picha kama nukta za kalamu. Lakini mitambo ile hupima hewa iliyopo pale mlimani tu. Sirasi, yale mawingu membamba ya chembe za barafu, kwa kawaida huwa juu zaidi ya mita 6,000. Darubini hupandishwa milimani, kama Mauna Kea kule Hawaii kwenye mita 4,205, au Paranal kule Chile kwenye mita 2,635, ili mawingu mazito ya chini yabaki chini. Kwa sirasi, mlima haukusaidii kitu. Hata ukijenga kileleni Kibo, kwenye mita 5,895, bado utakuwa unayatazama kutoka chini.

Njia iliyobaki ni kutoka nje. Unafungua mlango, unazima tochi, unasimama mpaka macho yazoee giza, na hilo huchukua dakika kumi au zaidi. Mjini wingu la usiku huonekana kwa sababu taa za chini hulimulika. Karoo hakuna taa, kwa hiyo wingu ni jeusi kuliko anga lenyewe, na unalitambua kwa nyota zilizokosekana mahali unapozijua. Sirasi nyembamba, usiku usio na mwezi, ni ngumu zaidi. Nyota angavu zote zipo. Zile hafifu ndizo zimepungua, na Njia Nyeupe, ambayo kwa kawaida ina mikato myeusi iliyo wazi kabisa, inakuwa kama imefutwa kidogo kwa kitambaa. Mtu aliyezoea huona. Mimi nilikuwa nimezoea, na ningeona.

Nje kulikuwa na baridi ya chini ya sifuri. Ndani kulikuwa na hita na chai. Sina sababu kubwa kuliko hiyo.

Wala sikukosa dalili. Darubini hufuata nyota moja ya kuiongoza, na skrini huonyesha ni mwanga kiasi gani unaingia kutoka kwenye nyota hiyo. Karibu saa saba ile namba ikaanza kushuka. Ikapanda kidogo, ikashuka tena. Niliiongezea kamera ya kuongozea muda wa kukusanya mwanga, namba ikarudi mahali pake, nikaketi. Nilijua, hata kabla ya kubonyeza, kwamba nyota haipungui mwanga hivihivi. Utabiri wa jioni pia ulikuwa umesema hewa baridi kutoka Atlantiki ingetufikia siku inayofuata, na aliyefanya kazi Karoo majira ya baridi anajua kwamba sirasi mara nyingi hutangulia mbele yake. Siku iliyofuata ilikuja kweli, na theluji juu. Hata hapo sikurudi kulirekebisha daftari.

Picha za usiku ule zilikuwa za dada mmoja Mkenya, mwanafunzi wa uzamili, aliyekuwa akipima mng'ao wa kundi la nyota ili akadirie umbali wake. Kipimo cha aina hiyo hakisimami peke yake. Mwanzoni mwa usiku unapiga picha nyota za kigezo, zile ambazo mng'ao wake unajulikana; Alan Cousins wa Afrika Kusini, aliyefariki mwaka 2001, alizipima nyingi za anga la kusini kwa usahihi ambao watafiti wanautegemea mpaka leo. Kisha unageukia nyota zako na kuzilinganisha na hizo. Ulinganisho huo una maana ikiwa hewa haikubadilika kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Nyota za kigezo tulizipata mapema, anga likiwa wazi kweli. Kundi lake tulilipiga picha baada ya saa sita.

Kilichomuumiza ni kwamba sirasi haichagui rangi. Hupunguza mwanga wa bluu na mwekundu karibu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo rangi za nyota zake zilitoka sawa, na halijoto alizozikadiria kutokana na rangi hizo zilikuwa sawa pia. Ndani ya picha moja nyota zote zilififia pamoja. Hakuna kilichoonekana kimeharibika, ila kundi zima lilionekana hafifu kuliko lilivyo, na hivyo mbali kuliko lilivyo. Wingu likila asilimia kumi ya mwanga, umbali unazidi kwa takriban asilimia tano, na yeye alikuwa anatafuta jibu lililo makini kuliko hapo.

Miezi kadhaa baadaye alinipigia simu. "Kaka, samahani kwa usumbufu. Ule usiku wangu, una uhakika hakukuwa na wingu?"

Nikamjibu: "Daftari linasema safi, dada. Hebu pitia tena hesabu zako."

Uvivu wa usiku ule naweza kuusimulia. Jibu hilo nashindwa hata sasa kulisoma bila kuona haya. Alikuwa amenipa nafasi, kwa heshima, na mimi nikamrudishia kosa langu alibebe yeye. Alipitia hesabu zake kwa wiki nyingi.

Ukweli aliupata mwenyewe, kwenye daftari la darubini jirani, juu ya mlima uleule. Mwendeshaji wake alikuwa ametoka nje, akaandika: sirasi nyembamba kutoka magharibi, kuanzia saa saba. Dada yule akauondoa usiku wangu kwenye tasnifu yake. Kufikia wakati huo kundi lilikuwa limeshasogea upande wa jua, halionekani usiku, ikabidi angoje msimu mwingine. Hakunilaumu. Nilisikia habari hizo kwa watu wengine.

Siku hizo nilikuwa nikimfikiria Guillaume Le Gentil, Mfaransa aliyeondoka kwao mwaka 1760 ili aitazame Zuhura ikipita mbele ya jua. Mwaka 1761 tukio lilimkuta baharini, melini, hakuweza kupima. Akabaki huko mashariki mpaka tukio la pili, mwaka 1769, akiwa Pondicherry, India. Asubuhi yenyewe wingu likalifunika jua, na likaondoka tukio lilipokwisha. Miaka minane ya kungoja, na bado alichoandika ni wingu. Mimi sikuwa nimengoja chochote. Ningepoteza nini kama ningeandika sirasi?

Nilimwandikia mkuu wa kituo kwanza, kisha dada yule. Kituo kiliweka maelezo kwenye hifadhi ya data kwamba picha za usiku ule zisitumike kupimia mng'ao halisi. Yeye alinijibu kwa sentensi mbili. Alinishukuru kwa kumwambia, na akauliza kama kulikuwa na usiku mwingine wa namna hiyo.

Nilikaa na madaftari yangu yote, ukurasa kwa ukurasa, nikilinganisha na ya jirani na kumbukumbu za nyota ya kuongozea. Upo, na si mmoja. Baadhi najua niliuandika vibaya, na baadhi siwezi kuuapia. Nimeutaja wote, kwa tarehe na saa, kwake na kwa kituo.