Mkonge Ndio Uliotuleta

Ukimuuliza mzee yeyote wa makambi ya mkonge, kuanzia Korogwe kushuka Hale hadi Muheza, kwao ni wapi, hakutajii Tanga. Atakutajia Kasulu, Kibondo, Songea, Njombe au Singida; wengine watataja Burundi na Msumbiji. Atataja bila kusita, na huenda hajakanyaga huko tangu Uhuru, au hajakanyaga kabisa kwa kuwa alizaliwa hapa hapa, kwenye safu za nyumba za kampuni. Babu yangu mzaa baba alikuwa Muha wa Kasulu. Baba alizaliwa kambini, nami nikazaliwa kambini. Hadi leo nikijaza fomu inayouliza nyumbani, mkono unaandika Kigoma, ingawa udongo ulionilea ni huu mwekundu wa Korogwe.

Mkonge wenyewe ulikuja mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, Pangani, ni 62 tu. Kutoka hiyo 62 bonde zima likajaa. Lakini Wazigua, Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao, na mtu mwenye mahindi na migomba yake haachi nyumba akachomwe miiba ya mtu mwingine. Mikono ikabidi itafutwe mbali. Huko mbali, Uha na kwingineko, serikali ya mkoloni ilidai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, huku ikiwaachia watu mihogo, maharage na mtama visivyokuwa na soko wala barabara. Wakoloni walijua wanachokifanya: mkoa ukiwa na zao lake la fedha, kijana wake hapandi treni.

Babu alipanda mwaka 1951. Vita vya Korea vilikuwa vimepandisha bei ya mkonge duniani, na wenye mashamba walitaka watu kuliko wakati wowote. Tangu mwaka 1944 walikuwa na ofisi yao ya kusaka vibarua, Silabu, ambayo mawakala wake walizunguka mikoani wakiandikisha watu kwa mkataba. Huyo aliyeandikishwa ndiye aliyeitwa manamba. Babu alipimwa kifua na uzito, akapewa blanketi na namba, akaingizwa kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, reli iliyokuwa imefika Kigoma tangu 1914. Wakati huo Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Ziliungana mwaka 1963. Kwa hiyo Morogoro walishushwa, wakapakiwa kwenye malori na kuletwa Korogwe. Babu alikuwa akisimulia kwamba katika safari ile watu wa Tabora na watu wa Kasulu walikuwa wakigawana muhogo mkavu bila kuelewana lugha, na kwamba Kiswahili chake cha kwanza alijifunzia ndani ya lori.

Kazi ilipimwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye visanduku 30, na kila ulipomaliza kazi uliyopangiwa, mnyapara alitia alama kisanduku kimoja. Usipomaliza, hata kama umeinama tangu alfajiri, siku ile haikuhesabiwa. Mwezi wa kwenye kadi na mwezi wa angani haikulingana kamwe. Ukiugua malaria wiki moja, mshahara ulikuwa unarudi nyuma wiki moja, nalo deni dukani linakwenda mbele.

Nimekaa shambani na baba nikimtazama akikata, kwa hiyo hili nalisema nililoliona. Jani la mkonge linakatwa chini kabisa, karibu na shina, na kuna jani ambalo bado halijafikia kukatwa, ukilikata mnyapara anakukata. Kabla ya kulifunga unapunguza mwiba wa ncha. Majani 30 yanafanya mzigo mmoja, unafungwa kwa kamba ya mkonge wenyewe, unabebwa begani hadi kwenye njia ya toroli, unapangwa ukingoja kuhesabiwa. Utomvu unashuka kutoka begani hadi kiunoni, na unawasha. Mikono ya baba, kuanzia kiwiko kwenda chini, ilikuwa na vijidoa vyeusi vya miiba iliyokatikia ndani, na jioni mama alikuwa anamtolea mmoja mmoja kwa pini chini ya kibatari. Toroli zilipeleka mizigo korona, kwenye mtambo unaoponda jani na kuacha nyuzi, na maji ya kijani ya korona yalikuwa na harufu ambayo mtu wa kambini hata leo akiipata barabarani anajua yuko wapi bila kufumbua macho.

Kambi zilipangwa kwa makabila. Safu ya Waha, safu ya Wanyamwezi, safu ya Wabena, safu ya Wamakonde waliovuka Ruvuma. Mwenye shamba alipenda hivyo, maana watu waliotengana hawagomi pamoja. Lakini kisima kilikuwa kimoja, duka moja, na foleni ya posho moja. Bibi alijifunza kupika kwa nazi kutoka kwa Mdigo aliyeolewa kambini, naye akamfundisha yule mama kula ugali wa muhogo kwa mawese, mara chache yalipopatikana kutoka kwa aliyerudi likizo. Watoto tulizungumza Kiswahili kitupu. Wazee walibaki na salamu zao, na asubuhi Waha waliamkiana kwao kwa «mwakeye» kabla ya kugeukia jirani na kusema shikamoo.

Kilichokuwa kinaishikilia kambi, kuliko mkataba wala mnyapara, ni utani. Mngoni na Mhehe, ambao babu zao walipigana vita, kambini walikuwa wanaporana vyungu na kutukanana hadharani bila mtu kuruhusiwa kukasirika. Na siku ya msiba mtani ndiye aliyekuwa mbele: aliwachekesha wafiwa kwa nguvu, akashika jembe kaburini, akasimamia chakula. Manamba aliyekufa hakuwa na kaka wala mjomba karibu. Ndugu walikuwa mwendo wa siku nyingi kwa treni, na barua ya msiba ilifika mwezi umekwisha. Aliyemzika ni mtani. Makaburi ya kambi yetu yako upande wa mashariki wa korona ya zamani, mengi hayana jina, na waliolala humo walizikwa kwa heshima na watu ambao hawakuwa na udugu nao hata kidogo.

Babu hakukusudia kukaa. Mkataba wa kwanza ulipokwisha alirudi Kasulu, akalipa mahari, akaja tena na bibi, safari hii kwa hiari yake, akisema ni mwaka mmoja tu wa kutafuta fedha za ng'ombe. Kila mwaka alisema mwakani. Alituma mani oda kwa mdogo wake ili amnunulie ng'ombe, naye mdogo wake alikuwa na njaa na watoto wake, kwa hiyo ng'ombe hawakununuliwa, na simlaumu. Shamba la babu huko lililimwa na wengine hadi likawa lao. Huku Tanga hakuwa na hata robo eka, kwa sababu ardhi yote iliyoonekana kwa jicho ilikuwa ya kampuni, na nyumba ya kambini ilikuwa yako kwa kadiri uwezavyo kuinama. Hapo ndipo ilipo dhuluma yenyewe: alitumia mwili wake wote kuijaza ardhi mkonge, na hakuna ardhi iliyomtambua.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma, na chama cha wafanyakazi wa mashambani kikawa na sauti ambayo wenye mashamba hawakuizoea. Uhuru ulipokuja sauti hiyo haikupendeza wote. Januari 1963 kiongozi wao Victor Mkello alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Mishahara ilipandishwa miaka ile ile, na ni haki ilipandishwa, lakini mashamba yakajibu kwa kupunguza watu na kuacha kuandikisha manamba. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, kiwango ambacho haijakifikia tena. Baadaye ikaja nailoni na plastiki, kamba ikawa inatoka kiwandani badala ya shambani, bei ikaanguka. Mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani karibu 20,000.

Sisi tuliokuwa watoto tulikuwa hatujui takwimu hizo. Tulijua kwamba king'ora cha korona siku moja hakikulia. Kisha reli za toroli zikaanza kung'olewa usiku na kuuzwa vyuma chakavu, na mkonge ukatoa milingoti yake, ile miti mirefu ya maua inayoota mmea ukizeeka, hadi shamba zima likawa msitu wa milingoti. Baba aliambiwa asubiri mafao yake. Alisubiri huku akichoma mkaa, kisha akasubiri huku akilima kipande cha shamba lililokufa kwa ruhusa ya mdomo isiyo na karatasi. Alifariki akisubiri. Tulimzika upande ule ule wa mashariki, na mtani mmoja mzee, Mngoni wa mwisho wa safu yao, ndiye aliyeshika jembe wa kwanza.

Leo barabara ya lami imefika Kasulu. Kijana wa huko anaondoka asubuhi kwa basi na kesho yake yuko stendi ya Mbezi, Dar es Salaam. Akipenda anashukia Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Ninafurahi kwa lami hiyo kwa moyo wote, babu angeilia. Lakini ninalotazama ni basi linalotoka kule limejaa, na umri wa waliomo. Wanakwenda kuendesha bodaboda, kulinda mageti usiku, kubeba mizigo Kariakoo. Wasichana wanapelekwa majumbani kulea watoto wa watu wakiwa wenyewe hawajamaliza kukua. Wengine wanaishia machimboni, Geita au Chunya. Miaka zaidi ya sabini imepita tangu babu apimwe kifua, na mkoa uleule bado unatoa watu kuliko unavyotoa bidhaa.

Mtoto wa binamu yangu aliyebaki Kasulu ni mmoja wao. Anaendesha pikipiki ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu, apate abiria asipate. Akiugua wiki moja, hesabu inamngoja. Nilipomtembelea chumbani kwake Mbagala, chumba anachochangia na wenzake watatu, aliniambia, «Baba mdogo, huku ukianguka na pikipiki, kwanza wanakuuliza pikipiki imepona?» Sikuwa na la kumjibu. Nilimfikiria mnyapara na kisanduku chake. Silabu ilimnyonya babu, lakini jina lake lilikuwa limeandikwa mahali, na palikuwa na mtu aliyelazimika kumlisha njiani na kumrudisha kwao mkataba ukiisha. Huyu kijana hakuna daftari lolote lenye jina lake. Hana mkataba wa kuvunjwa, kwa hiyo hakuna wa kushitakiwa.

Yapo yaliyonyooka. Mama yake anampigia akitaka kusikia sauti, na anapotuma fedha anatuma na ya kutolea, zinafika kabla hajaweka simu mfukoni. Hakuna mdogo mtu wa kukaa katikati. Akipatwa na jambo, vijana wa kijiweni wana mfuko wao wa kufa na kuzikana, wanachangishana kwenye simu, na mwili unasafirishwa hadi Kasulu kuzikwa penye ukoo. Babu yangu hakupata hilo. Utani wa kambini nao umekwisha. Vijana wanaujua kama vichekesho vya redioni. Mfuko wa kijiweni umechukua nafasi yake, nami nauheshimu kwa dhati, maana umebuniwa na watu wasio na kitu.

Kambini kwetu bado kuna watu. Nyumba za mabati yaliyooza, wajane, wajukuu, wazee wachache wanaokumbuka lori la Morogoro. Mkonge unaanza kurudi Tanga, bei imepanda tena, watu wa mjini wananunua ardhi kwa ekari nyingi, na wakulima wadogo nao wamo. Baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa yamefutiwa hati ili yagawiwe. Hapo ndipo ninapoomba, na ninawaomba wale wanaoketi kwenye kamati za ugawaji huko Korogwe na Muheza: kabla hamjampimia mwekezaji, pimeni kwanza makambi. Anzeni na familia zilizozaliwa kwenye safu zile, muwape viwanja vyenye hati na mashamba ya kulima, na makaburi yao yawekewe mipaka yasilimwe. Na nyinyi wa Kigoma, Songea na Singida mnaosoma haya, kama kwenu yupo babu aliyekwenda Tanga akakosekana, njooni mwulizie. Wengi wao wamelala huku, na wazee waliobaki wanaweza kuwaonyesha penyewe.